Harambee ya uzio wa masale shuleni kwetu

Wazazi, wanakijiji, na nyie mliosoma hapa mkatawanyikia Dar na Arusha, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Kamati ya shule inapiga hodi tena, safari hii ni uzio.

Wa waya tumeshauona mwisho wake, mnalala mnaamka nusu imeenda kwenye vyuma chakavu. Ndo tukasema turudi kwenye masale, ile mimea ya mipaka inayoheshimiwa Uchagani, maana hakuna Mchaga atang'oa sale la mpaka usiku alafu asubuhi akanywa chai kwa raha zake.

Ila tukiri kosa. Mwaka jana tulipanda Januari, jua la kuchoma, kiwanja cheupe hakina hata mgomba mmoja, wiki tatu tu majani yakawa kama karatasi ya kaki. Sale ni la mlimani jamani, linaota toka mwinuko wa kama mita 600 hadi 2,000 na ushee, kijani mwaka mzima, lakini limezoea kivuli cha migomba na miti ya miringaringa, udongo wa mboji wenye unyevu ila maji yasituame maana shina linaoza. Likishashika halisumbui tena, ukiliacha linaweza kufika mita 15, na likichanua, usiku harufu yake utaisikia ukiwa barabarani.

Kwahiyo tunasubiri masika, Machi. Hela inayotakiwa ni ya simtanki la lita 2,000, mpira wa kumwagilia kiangazi, na miti ya kutengenezea kivuli cha muda, jumla 1,400,000, mkononi tuna 385,000. Masale yenyewe hatununui, aibu hiyo! Kila kaya ikate vipande kumi kihambani, shamba la nyumbani, urefu wa kiwiko hadi vidole, viache kivulini siku moja mbili pale ulipokata pakauke, na tafadhali weka alama upande wa chini, kuna baba mwaka jana alipanda safu nzima kichwa chini (jina tunalo).

Elfu mbili, elfu kumi, debe la samadi, siku moja ya kuchimba, vyote tunapokea, hela mpe mwekahazina na udai risiti. Mnaokuja nyumbani Krismasi pitieni shuleni kabla mbuzi hajaisha.

Na wale walioahidi mwaka jana wakazima simu, njooni na sale mkononi kuomba radhi, si mnajua kwa mila yetu Wachaga anayekuja na sale hatuwezi kumkataa, tukishawasamehe tunalipanda hapohapo.