Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe, hesabu zisomwe

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Salaam.

Yah: Mkutano mkuu wa kijiji na haki ya kusomewa mapato na matumizi

Mheshimiwa, mimi ni mkulima wa mahindi na viazi huku Nyanda za Juu Kusini, na ni mzazi mwenye watoto katika shule ya msingi ya kijiji. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la kijiji chetu peke yake. Nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000, na nikizungumza na ndugu na jamaa wa mikoa mingine nasikia habari zilezile.

Ombi langu ni hili: mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu kama utaratibu unavyotaka, wananchi wasomewe mapato na matumizi, na anayeuliza swali asisumbuliwe.

Baada ya yale ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, intaneti ikiwa imezimwa na watu wakipoteza maisha, vijana wengi wananiuliza mwananchi wa kawaida amebakiwa na nini. Wapo waliokata tamaa kabisa na sanduku la kura. Siwalaumu. Lakini huwa nawaambia kwamba tunalo bunge moja tunaloweza kulifikia kwa miguu, ambalo kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mbunge wake, na tumeliacha lijifie. Tunabishana usiku kucha kuhusu Ikulu huku hatujui hata salio la akaunti ya kijiji. Demokrasia ambayo mtu hajawahi kuigusa kijijini kwake hawezi kuilinda ikiharibiwa Dodoma.

Sheria zipo, Mheshimiwa, tena nzuri. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaufanya mkutano mkuu kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji katika kuamua sera zake, na ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji na wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kwa hiyo mama anayeuza mchicha gengeni ana kura katika ardhi ya kijiji, na mwekezaji mwenye matrekta hana hata moja mpaka awe mkazi. Sijui kama wabunge wetu wengi wanatambua uzito wa kifungu hicho.

Wazee wanakumbuka pia tulikotoka. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, mambo yakapelekwa mikoani, na huduma nyingi za vijijini zikadorora. Ilichukua miaka kumi mpaka sheria za 1982 zikairudisha serikali ya wananchi. Ilirudishwa kwa sababu nchi ilikuwa imeshaonja ukosefu wake.

Sasa nikueleze hali ilivyo huku chini.

Mkutano ukiitishwa, kwanza inapitishwa karatasi ya mahudhurio. Watu wanaandika majina na kuweka sahihi au dole gumba, wengine hata kabla hawajakaa. Juu ya karatasi hiyo mara nyingi hakuna kitu: hakuna tarehe, hakuna ajenda. Mkutano unaweza kuwa wa chanjo ya mifugo, ukaisha salama, watu wakaenda zao. Miezi kadhaa baadaye mnasikia eneo la malisho limeshapimwa, na mkiuliza mnaonyeshwa muhtasari wenye sahihi zenu wote. Sahihi ni zenu kweli. Hamkuridhia ardhi, mliridhia ng'ombe wachanjwe. Karatasi ya mahudhurio ikibandikwa nyuma ya muhtasari mwingine, kijiji kizima kinakuwa kimesaini jambo ambalo hakijawahi kulisikia. Migogoro mingi ya ardhi inayofika mezani kwako ikiwa na mafaili manene, naamini ukiyafungua utaikuta karatasi ya namna hii.

Jambo la pili ni michango. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 ada iliondoka, lakini madarasa bado tunayajenga sisi. Wananchi wanainua boma mpaka kwenye lenta, Serikali inakuja kupaua. Utaratibu huo mimi binafsi naupenda, maana mtu anaona jasho lake. Lakini pesa ya saruji inakusanywa kaya kwa kaya, mara kwa stakabadhi, mara kwa jina kuandikwa kwenye daftari la mjumbe. Nilikuwepo mama mmoja aliposimama mkutanoni kuuliza mifuko mingapi ya saruji imenunuliwa na mingapi imebaki stoo. Swali la hesabu tu. Alijibiwa, "Wewe mama unatumwa na chama gani?" Akakaa. Wanawake wengine waliokuwa wamenyoosha mikono wakaishusha. Mkutano ukaendelea na mengineyo.

Mheshimiwa, jibu lile liliua mkutano kuliko polisi wangeweza kuuvunja. Swali la saruji halina chama. Mtoto anayekaa chini darasani hana kadi.

Halafu kuna hofu ya kuwekwa ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48, kwa ajili ya mtu anayehatarisha amani, na inawataka waeleze sababu kwa maandishi. Huku vijijini watu wanaijua namba hiyo, 48, kuliko wanavyoijua namba ya ibara yoyote ya Katiba. Mtu mwenye shamba na mifugo akifikiria siku mbili mahabusu wakati wa palizi, anaamua saruji ipotee tu.

Pamoja na hayo hatukukaa kimya, na hapa naomba unisome kwa makini, kwa sababu tunayoyafanya hayahitaji fedha ya Serikali wala mfadhili.

Sisi wakazi kadhaa, wake kwa waume, wa vyama tofauti na wasio na chama, tulikubaliana mambo madogo. Kabla ya kusaini mahudhurio, tunaomba tarehe na ajenda ziandikwe juu ya karatasi kwa wino. Jina la mwisho likishaandikwa, tunapiga mstari chini yake ili lisiongezwe jingine. Mmoja wetu anaandika yanayosemwa kwenye kaunta buku lake mwenyewe, na mkutano unaofuata, Mtendaji wa Kijiji anaposoma muhtasari uliopita ili uthibitishwe, yule mwenye kaunta buku anafuatilia mstari kwa mstari. Kikirukwa kitu, anasimama na kusema kwa heshima, "Mwenyekiti, hili halikuingia." Mara ya kwanza ilileta mvutano. Siku hizi Mtendaji mwenyewe anauliza kama kuna lililosahaulika.

Swali gumu hatumwachii mtu mmoja. Tulijifunza kwa yule mama. Anayeuliza akikaa, mwingine anasimama na kusema anaunga mkono swali hilo na anaomba liingie kwenye muhtasari pamoja na jibu lake. Akimaliza, anasimama wa tatu. Si rahisi kuuliza watu watatu kutoka vitongoji vitatu wanatumwa na nani.

Tukikosa jibu mkutanoni, tunaandika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Tunaandika nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa tunaondoka nayo. Muhuri ule una nguvu ya ajabu. Barua isiyo na muhuri ni maneno ya barabarani, yenye muhuri ina tarehe na kuna mtu wa kuulizwa. Kwa njia hiyo tuliomba pia orodha ya vikundi vilivyopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisitishwa 2023 na kurudishwa 2024. Vijana wanaambiwa kila siku waunde vikundi, basi wana haki ya kujua vikundi gani vilipewa.

Ndugu zetu wa mijini wana shida zaidi, na hili naligusia kwa kifupi. Halmashauri ya kijiji inatambulika kisheria kama chombo chenye hadhi yake, inaweza hata kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna hadhi hiyo. Mkazi wa mtaa akidai kusomewa mapato na matumizi ana sheria dhaifu ya kushika kuliko mimi wa kijijini, ilhali miji ndiyo inayokua. Hilo lipo ndani ya uwezo wa wizara yako kulipeleka bungeni.

Kisha kuna uchaguzi. Sitazunguka. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na chama kimoja kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Tarehe 27 Novemba 2024 chama hichohicho kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Ninao rafiki zangu wa chama hicho, wengine ni wenyeviti wazuri sana, na hata wao wananiambia faragha kwamba ushindi wa namna hiyo unawanyima heshima. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya 2024 iliitaja kazi ya kusimamia uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji kuwa ya Tume, kwa utaratibu utakaowekwa na sheria ya Bunge, lakini uchaguzi wa mwaka huohuo ukaendelea kusimamiwa na ofisi yako. Uchaguzi ujao ni 2029. Usifike ukiwa bado mikononi mwa wizara ambayo watendaji wake ndio wanaopokea fomu na ndio wanaoengua.

Na sisi tuna wajibu wetu hapo. Orodha ya wapiga kura wa kitongoji hubandikwa ukutani ili watu waikague. Mwaka 2024 malalamiko ya majina ya watoto na ya marehemu yalisikika sehemu nyingi, lakini ni wangapi tulikwenda kuisoma? Kitongoji ni watu wanaozikana. Hakuna kompyuta inayomjua marehemu wa kitongoji kuliko jirani aliyechimba kaburi lake. Tumekubaliana 2029 kila kitongoji chetu kiwe na watu wa kuisoma orodha yote siku inapobandikwa, na kuweka pingamizi kwa maandishi ndani ya muda.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, haya ndiyo ninayoomba kutoka kwako. Toa waraka unaosema wazi kwamba Mtendaji wa Kijiji na wa Mtaa atapimwa kwa mikutano mikuu iliyofanyika, pamoja na makusanyo anayopimwa nayo sasa. Agiza taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku saba kabla ya mkutano, ili watu waje wameshaisoma. Agiza karatasi ya mahudhurio iwe na tarehe na ajenda kabla ya sahihi ya kwanza, na muhtasari wowote wa ardhi usio na karatasi ya namna hiyo ukataliwe wilayani. Wakumbushe wakuu wa wilaya kwamba saa 48 hazikuwekwa kwa ajili ya mwananchi aliyeuliza saruji iko wapi. Peleka bungeni muswada wa uchaguzi wa serikali za mitaa kabla kampeni za 2029 hazijaanza kunukia.

Waraka hauna gharama kubwa. Karatasi, muhuri, na wewe kuulizia utekelezaji wake unapokuwa ziarani. Ukifika wilaya yoyote, badala ya kukagua mradi mmoja zaidi, omba uonyeshwe mafaili ya mihtasari ya vijiji vitatu ambavyo hukutaja mapema, uhesabu mwenyewe mikutano iliyofanyika ndani ya mwaka.

Mkutano wetu ujao tumeshaahidiwa utafanyika baada ya mavuno, uwanja wa shule, saa tatu asubuhi. Ajenda ya kwanza ni kuthibitisha muhtasari uliopita. Ya pili ni mapato na matumizi, na yule mama wa saruji ameomba awe wa kwanza kuuliza. Ukiweza kumtuma ofisa wako akae nyuma asikilize tu, tutamtafutia kiti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi na mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji