Msitupe GPS za shule kabla ya kukagua mipangilio yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwasihi walimu wenzangu na walezi wa maskauti. Kabla hamjaandika kwenye daftari la mali ya shule kwamba GPS ya mkononi, kile kifaa kinachokuonyesha mahali ulipo kwa mawimbi ya satelaiti, imeharibika, na kabla hamjaiendea bodi kuomba pesa za nyingine, itoeni stoo, mwende nayo katikati ya uwanja wa mpira, iwasheni, kisha mtazame imepangwa vipi. Nyingi ya zile ambazo nimeletewa kama vyuma chakavu zilikuwa nzima.

Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Nyeri, na Jumamosi ni mlezi wa maskauti. Tunacheza jiokeshingi. Mtu huficha kasha lenye kidaftari na kalamu, akatoa koodineti, yaani namba za latitudo na longitudo, za mahali alipolificha, na wengine wakalitafuta kwa GPS. Anayelipata huandika jina na tarehe, halafu hulirudisha palepale. Mchezo huu ulianzia Marekani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hivi kwamba kifaa kingeweza kukosea kwa mita 100. Tarehe 1 Mei Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uvurugaji huo unakomeshwa usiku huo. Tarehe 3 Mei Dave Ulmer akaweka ndoo yenye vitu vidogo vidogo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza koodineti zake kwenye intaneti. Siku chache tu baadaye ilikuwa imeshapatikana.

Kwa maskauti wa Nyeri mchezo huu una maana yake ya pekee. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, amezikwa hapa mjini, alifariki tarehe 8 Januari 1941, na kwenye jiwe la kaburi lake kuna duara lenye nukta katikati. Skauti yeyote anaijua alama hiyo ya njiani: nimekwenda nyumbani. Watoto wanaojifunza kusoma alama za njia kwa mawe na vijiti hawapati taabu kuelewa kwamba namba zilizo kwenye skrini nazo ni alama za njia.

Najua nitaulizwa kwa nini tusitumie simu. Simu za siku hizi zina GPS nzuri, na chini ya anga wazi hukosea kwa mita tano hivi, kama kifaa cha mkononi. Lakini wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na mimi naiunga mkono kanuni hiyo. Simu yangu moja kwa kundi zima maana yake ni mtoto mmoja anafanya, wengine wanafuata mkia. Tena mvua ya Nyandarua haina huruma na simu. GPS ya mkononi haina WhatsApp, haina picha, haina deni la data. Unampa mtoto wa Kidato cha Kwanza, unamwambia aongoze njia, naye anaongoza.

Basi kama shule inanunua, inunue ya namna gani? Ushauri wangu ni huu: iwe ya vitufe, si ya kugusa kioo, kwa sababu kioo chenye matone ya mvua hakimsikii mtu na vidole vyenye tope vinazidisha. Itumie betri za AA, zile za redio ndogo na saa ya ukutani, zinazopatikana hata dukani mwa kijiji. Kifaa chenye betri ya ndani kikizima huko msituni kimezima. Ipokee satelaiti za zaidi ya mfumo mmoja: GPS ya Marekani pamoja na GLONASS ya Urusi, au Galileo ya Ulaya, au BeiDou ya Uchina. Chini ya miti minene na kwenye mabonde yetu membamba, idadi ya satelaiti unazoziona ndiyo inayoamua kama utafika au utazunguka. Garmin eTrex 10, 20 na 30 zilizotoka mwaka 2011 zinapokea GPS na GLONASS, zinatumia betri mbili za AA, na kwa shule zinatosha kabisa hata zikiwa za mitumba. Ramani za rangi na kipimo cha mwinuko kwa hewa ni vitu vizuri, ila havimfundishi mwanafunzi chochote ambacho karatasi ya ramani haiwezi kumfundisha. Mkiwa na pesa za kifaa kimoja cha bei au viwili vya kawaida, nunueni viwili.

Za zamani zaidi, zenye tundu la mviringo la waya badala ya USB, zichukueni mkipewa bure. Msizinunue. Waya wake ni shida kuupata, na kompyuta za sasa hazina pa kuuchomeka.

Sasa niyaseme yaliyonifanya niandike. Kundi moja jirani lilipewa GPS kadhaa na maskauti wa Ulaya waliokuja kupanda mlima. Baada ya muda mlezi wao alizipeleka kwa fundi mmoja mjini, akaambiwa zote zimekufa, afadhali aziuze kama vipuri. Bahati nzuri alizipitisha kwangu kwanza. Mojawapo ilikuwa imeachiwa betri ndani hadi zikavuja, na vyuma vya kushikia betri vilikuwa na unga mweupe. Unga huo wa betri za alkali huondoka kwa pamba yenye tone la siki, kisha unapangusa kwa spiriti na kuacha pakauke vizuri. Iliwaka hapo hapo. Nyingine ilikuwa inawaka lakini inasema haioni satelaiti. Hiyo ilikuwa bado inadhani iko Ulaya, inazitafuta satelaiti za anga ya huko. Kifaa kilichosafiri maelfu ya kilomita kikiwa kimezimwa, au kilicholala miaka kabatini, hakina budi kupokea upya orodha ya satelaiti zote, na orodha hiyo hutumwa kwa dakika 12 na nusu. Ukikishika dirishani kwa dakika mbili na kukizima, hutapata kitu hata ukirudia mwezi mzima. Kiweke juu ya jiwe pasipo na miti wala ukuta, uende zako kwa dakika 20.

Ya tatu ilionyesha tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma, na hiyo ndiyo iliyomtisha fundi. Hilo nalo lina sababu. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 halafu huanza tena sifuri. Ulianza upya Agosti 1999, na tena tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikuandaliwa kwa hilo hubaki na tarehe ya uongo, lakini vingi bado vinakuonyesha ulipo bila kasoro. Msiamini saa yake wala jedwali lake la mawio na machweo, ila mahali kinapokuonyesha pajaribuni kwanza kabla ya kukihukumu.

Lipo pia lalamiko la mshale. Mtoto anasimama, mshale unazunguka huku na huku, anasema GPS imerukwa na akili. Vifaa rahisi, eTrex 10 na 20 zikiwamo, havina dira ya kielektroniki ndani. Vinajua unakoelekea kwa sababu tu unatembea, na ukisimama havina pa kusomea. Tembea hatua ishirini kwa mstari mnyoofu, mshale utatulia. Vile vyenye dira ya ndani vinahitaji dira hiyo irekebishwe kila mnapobadilisha betri, mkiwa mbali na gari, mabati na vipaza sauti, kwa maana sumaku huvipotosha.

Halafu betri. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kusema mmetia betri za aina gani, za alkali au za kuchaji. Betri ya kuchaji ina volti 1.2, ya alkali ina 1.5. Kifaa kilichoambiwa kina alkali, kikitiwa za kuchaji, hulia betri zimekwisha wakati bado zina chaji. Nimeona watu wakitupa betri nzima kwa ajili ya hilo. Pia zimeni masahihisho ya WAAS na EGNOS, yaani mawimbi ya ziada ya kupunguza makosa ya GPS: la kwanza liliundwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, la pili kwa ajili ya Ulaya, na huku kwetu yote mawili yanakula betri bure.

Lakini kama mna muda wa kukagua jambo moja tu, kagueni namba zinavyoandikwa. Hapa ndipo makundi mengi hupotea na kukisingizia kifaa. Koodineti za jiokeshingi huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano S 00° 25.500. Mwanafunzi aliyezoea digrii, dakika na sekunde huzisoma kama dakika 25 na sekunde 50. Nusu dakika ni sekunde 30, si 50, na sekunde moja ya latitudo ni karibu mita 31. Kwa kosa hilo dogo la kusoma, watoto wanafika zaidi ya mita 600 kutoka kwenye kasha, wanapekua shamba la chai la mtu, na mwenye shamba anatoka na mbwa. Sisi tulio karibu na ikweta tuna hatari nyingine: kifaa kikiachwa kwenye N (kaskazini) badala ya S (kusini), hapa Nyeri kitakuelekeza zaidi ya kilomita 90 kaskazini, huko Laikipia.

Na datamu, yaani kipimo cha umbo la dunia ambacho namba za mahali huhesabiwa kutokana nacho, ndiyo imenipa kazi kubwa kuliko zote. Satelaiti hupima kwa datamu ya WGS 84. Ramani zetu za zamani za 1:50,000, zile zilizokunjwa kwenye kabati la idara ya jiografia, zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960. Mahali ni palepale, namba ni mbili tofauti. Ukisoma koodineti za kilele kwenye ramani hiyo na kuzitia kwenye kifaa kilichopangwa WGS 84, utapelekwa karibu mita 300 kaskazini ya pale unapopataka, na kando kidogo upande wa magharibi. Dawa yake haigharimu hata senti: ingia kwenye mipangilio ya mahali, chagua Arc 1960 unapofanya kazi na karatasi hiyo, na ukimaliza rudisha WGS 84. Nawafanyisha wanafunzi zoezi hili makusudi, wasome pointi ileile kwa datamu zote mbili, waone namba zikibadilika ilhali wao hawajasogea. Hakuna somo la ramani linalowaingia kama hilo. Wanaelewa papo hapo kwamba dunia imepimwa na watu, kwa mahesabu tofauti, nyakati tofauti.

Mkishakaribia kasha, hebu watoto waache kutazama skrini. Ikionyesha mita kumi, kazi ya GPS imekwisha na kazi ya macho imeanza. Chini ya mikaratusi, au kando ya jabali, mawimbi hugonga na kurudi, na namba huruka mita kadhaa mtu akiwa amesimama. Anayeficha naye awe na subira: asichukue pointi kwa kupita, akiacha kifaa dakika chache palepale na kuchukua wastani, wanaomfuata watamshukuru.

Kuhusu kasha lenyewe nina mawili tu. Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa na misitu ya hifadhi. Kwa hiyo kidaftari msikifunge kwa mfuko: tumieni mkebe au chupa yenye kifuniko kinachobana sawasawa. La pili, msiufiche mkebe kwenye msitu wa serikali bila idhini ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), wala kijijini bila kumwambia chifu na mwenye ardhi, na uandikwe wazi kwa nje ni wa nani na ni wa nini. Mkebe usiojulikana chini ya daraja, katika nchi hii, si mchezo.

Ninawaomba pia walimu wa jiografia wanaotoa koodineti kwa shule nyingine, kwa matembezi, mashindano au upandaji miti, waandike mambo matatu kando ya namba: datamu, namna namba zilivyoandikwa, na kama ni N au S. Nawe Mhariri, gazeti lako likichapisha koodineti za mahali popote, naomba nalo lifanye hivyo hivyo. Mlezi yeyote wa maskauti katika kaunti hii mwenye GPS iliyolala kabatini, aje nayo kwenye mkutano wetu wa walezi pamoja na betri mpya mbili. Tutaiwasha pamoja nje, si ndani ya ofisi.

Mwalimu wa jiografia na mlezi wa maskauti,
Nyeri