Teleka wa Shelisheli si mbayuwayu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ndege wa visiwani, ile ya ukurasa wa katikati, niliisoma mara mbili. Nashukuru mmetukumbusha Shelisheli, lakini mwandishi wenu amekosea mambo mawili, na siwezi kunyamaza kwa sababu ndege huyo nimemshika kwa mkono wangu.

Kwanza amemwita mbayuwayu, akasema huja na kuondoka kwa msimu. Mbayuwayu tunamjua sote: anajipanga kwenye nyaya za stima kuanzia Septemba, na ikifika Aprili amekwenda zake Ulaya. Yule wa Shelisheli ni teleka. Wataalamu humwita Aerodramus elaphrus, na wenyeji, kwa Krioli yao, humwita zirondel. Haendi popote. Yupo kwenye visiwa vya Mahé, Praslin na La Digue, na duniani hana kwao kwingine.

Mimi ni seremala. Nilifanya kazi La Digue miaka minne, kwenye nyumba iliyojengwa pembeni mwa msitu, chini ya mlima wa Nid d'Aigle. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilimkuta teleka amelala juu ya mbao nilizozipiga randa jana yake. Nilidhani amekufa. Nilipomwinua akalishika shati langu, akaning'inia kifuani pangu, akatulia hivyo. Hapo ndipo nilipoiona miguu yake: mifupi mno, kucha zimepinda kama ndoana. Ndege huyu hawezi kutua kwenye waya wala tawini. Hula wadudu hewani, na akitaka kupumzika hujinatisha kwenye ukuta wa pango. Mgongo wake ni wa kahawia nzito, na mbawa ni ndefu kupita mkia, zimepishana kama mkasi uliofungwa. Uzito sikuuhisi kabisa. Nilimsogeza kwenye jabali, akapanda kidogo kwa kucha, kisha akajirusha.

Mapango yao si marefu kama yetu ya Shimoni. Mengi ni nyufa tu chini ya majabali makubwa ya itale. Jioni huingia mle gizani wakitoa sauti kavu ya haraka haraka, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana, na mwangwi wa sauti hiyo ndio unaowaonyesha ukuta ulipo. Popo naye hujiongoza kwa mwangwi, ila milio yake ya kujiongozea kwa kawaida masikio yetu hayaipati. Ya teleka mimi niliisikia nikiwa nimesimama nje.

Kosa la pili ndilo lililoniuma zaidi. Mwandishi anadokeza kwamba viota vyake vingeweza kuuzwa kwa supu kama vile vya Asia. Vya supu ni vya teleka wengine, wa Asia ya Kusini-Mashariki, wanaojenga kwa mate karibu matupu. Huyu wa Shelisheli hutumia mate kama gundi tu. Kiota chenyewe ni zile ndevu za kijivu zinazoota kwenye magome ya miti. Hakina cha kupikwa. Na ndani yake hutagwa yai moja. Moja, Mhariri! Ukibandua kiota kimoja umeondoa uzazi mzima wa jozi ile kwa wakati huo.

Ndege hawa ni elfu chache tu. Bundi walioletwa visiwani kuanzia mwaka 1949 ili wawinde panya, waligeukia ndege wa pale, na paka nao hawajawaacha. Binadamu tunaongeza yetu. Msimamizi wetu wa ujenzi alituamuru tupange mabati mbele ya ufa mmoja, yasilowe. Magharibi ile teleka walizunguka juu yetu, wakashuka, wakapanda, wakashuka tena, njia haipo. Nilimwendea, akanijibu kwamba ni ndege tu. Mimi na mwenzangu, kijana wa La Digue, tukayahamisha mabati yote usiku ule ule kwa mwanga wa tochi, na sijawahi kujutia usingizi niliokosa.

Naomba mchapishe masahihisho ukurasa ule ule mlioutumia kwa makala, na mumtaje kwa jina lake, teleka. Mjukuu wangu ameshaikata makala yenu na kuibandika ukutani darasani kwao, na mwalimu anaisomesha.

Seremala mstaafu,
Msambweni, Kwale