Mpangaji wa Nairobi Hachagui Muuzaji wa Stima, Huchagua Nyumba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala unaozuka kila bei ya stima inapopanda, yaani wito kwamba kampuni nyingine ziruhusiwe kuuza umeme majumbani ili Kenya Power isibaki peke yake sokoni. Sina ugomvi na wito huo. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilikwisha kuufungua mlango huo kwa kutenganisha kazi ya kuzalisha, kusafirisha, kusambaza na kuuza umeme rejareja, ingawa mwenye nyumba ya kawaida hapa Nairobi angali ananunua tokeni zake, yaani umeme wa kulipia kabla, palepale kwa Kenya Power, apende asipende. Ninaloliona likipuuzwa katika mjadala huu ni kwamba wapangaji wengi wa jiji hili hawanunui stima kwa Kenya Power hata kidogo. Muuzaji wao ni mwenye ploti, yaani mwenye nyumba za kupanga, na walimchagua bila kujua, siku ile walipolipa kodi ya mwezi wa kwanza na kupewa ufunguo.

Nasema hivi kwa kuwa nimekuwa mteja wa muuzaji wa aina hiyo. Kwa miaka minne mimi na mke wangu tuliishi katika ploti moja upande wa Embakasi. Chini ya ngazi palikuwa na kisanduku cha mbao chenye mita ndogo 12, kila mita imeandikwa namba ya chumba kwa rangi nyekundu, na juu yake mita kubwa moja iliyofungwa kwa kufuli. Kila mwisho wa mwezi msimamizi alikuja na tochi na daftari la shule, akasoma namba, akatoa za mwezi uliopita na kuzidisha kwa shilingi 40. Sisi hatukuwa na friji. Tulikuwa na balbu mbili, runinga ndogo, simu za kuchajiwa na pasi ya Jumapili, na kwa kawaida tulitumia yuniti 22 hivi (yuniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima), sawa na shilingi 880. Nimefanya kazi ya ukarani wa hesabu maisha yangu yote, na hesabu hiyo iliniwasha tangu mwezi wa kwanza, ila nilichelewa kuelewa ni wapi hasa ilipokuwa imepinda.

Bei ya umeme wa nyumbani nchini imepangwa kwa ngazi tatu. Anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kabisa, anayezidi hapo hadi 100 hutozwa bei ya kati, na anayepita 100 hutozwa bei ya juu. Kabla ya Aprili 2023 ngazi ya chini ilifika hadi yuniti 100. Ilipopunguzwa hadi 30 ndipo wengi waliposhtuka kwamba tokeni zao zimepungua ghafla ilhali hawakubadilisha chochote nyumbani. Ngazi ya mteja hutokana na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu iliyopita, na akishawekwa katika ngazi fulani, bei yake huhesabiwa kwa kila yuniti anayonunua, si kwa zile za ziada pekee. Kwa hiyo ile imani ya mtaani kwamba ukinunua tokeni kidogo kidogo, au ukizinunua tarehe fulani, utapewa nyingi zaidi, haina msingi. Kinachohesabiwa ni jumla.

Sasa chukua ploti yangu. Vyumba 12, kila kimoja kikitumia yuniti 20, hufanya yuniti 240 kwa mwezi. Mita inayotambulika ni moja, na kwa hiyo mteja anayeonekana ni mmoja: mtu wa yuniti 240, ambaye ni halali yake kutozwa bei ya juu. Nyuma ya mtu huyo wa kubuni wamejificha watu 12 wa kweli, na karibu kila mmoja wao, angekuwa na mita yake, angelipa bei ile ya chini iliyowekwa makusudi kwa ajili ya watu wa kipato chake. Nafuu yao imefungiwa ndani ya kisanduku cha mbao. Mama muuza mboga anayewasha balbu moja hutozwa kwa ngazi ileile ya jumba lenye friji mbili na mashine ya kufulia, kisha juu ya hapo aongezwe faida ya mwenye ploti.

Kuhusu faida hiyo, mwezi mmoja msimamizi alinionyesha, kwa ukarimu tu, ujumbe wa tokeni uliokuwa umeingia katika simu yake. Ujumbe ule una mambo yote: namba ya mita, tarakimu 20 za tokeni, idadi ya yuniti, kiasi kilicholipwa, na mgawanyo wa fedha zilizonunua umeme wenyewe na zile zilizokwenda kwenye tozo nyingine. Niligawanya kiasi chote kwa yuniti nikapata shilingi 31 na senti kidogo. Tofauti ya karibu shilingi 9 kwa yuniti, mara yuniti 240, ni zaidi ya shilingi 2,000 kila mwezi. Nilipomuuliza mwenye ploti kwa heshima, alinijibu, "Mzee, mita nimeilipia mimi, nyaya nimevuta mimi, na wanaohama usiku bila kulipa deni wananiachia mimi." Siwezi kusema hana hoja, kwani hata mimi nimewahi kuona chumba kikihamwa alfajiri huku deni la stima likibaki ukutani. Lakini sheria yetu inataka anayefanya biashara ya kuuza umeme awe na leseni, na gharama ya mita hailipwi milele. Nilipoomba kuonyeshwa ujumbe wa tokeni kila mwezi, niliambiwa kwamba asiyeridhika ana uhuru wa kuhama. Nikahama.

Wanaotaka ushindani hunyoosha kidole nchi za nje, na ni vyema tutazame kwa makini walichopata huko. Uingereza iliwapa wenye nyumba uhuru wa kuchagua muuzaji wa umeme mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukibadilisha kampuni, waya unaoingia nyumbani ni uleule na nguzo ni zilezile. Linalobadilika ni jina lililo juu ya bili na masharti ya bei. Miaka kama 20 baadaye, mwaka 2019, serikali yao ililazimika kuweka kikomo cha bei kwa sababu wateja waliokaa kimya bila kuhama walikuwa wakitozwa zaidi ya wanaohamahama, na mwaka 2021 bei ya gesi ilipopaa, kampuni nyingi ndogo zilizovutia watu kwa bei rahisi zilianguka moja baada ya nyingine.

Mpwa wangu anaishi Houston, katika jimbo la Texas, ambako soko la rejareja lilifunguliwa mwaka 2002. Alinitumia picha ya mkataba wake, nami nikausoma kama ninavyosoma daftari la hesabu. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ilikuwa ya mtu anayetumia yuniti 1,000 kwa mwezi, kwa sababu akifikisha kiwango hicho hupunguziwa fedha fulani katika bili. Akitumia 950 punguzo hilo halipo na bei halisi ya yuniti huruka. Huko sheria inamlazimu kila muuzaji kutoa karatasi moja yenye bei ya wastani kwa matumizi ya yuniti 500, 1,000 na 2,000, na humo ndimo mna siri yote. Mpwa wangu alikuwa ametazama safu ya katikati tu, na yeye huishi peke yake! Mkataba ukiisha na mteja akajisahau, huingizwa katika bei inayobadilika kila mwezi. Na Februari 2021, baridi kali ilipokatiza umeme jimboni humo, waliokuwa wamechagua mpango wa kulipa bei ya soko la jumla ya saa ileile waliletewa bili za maelfu ya dola kwa siku chache tu. Uhuru wa kuchagua walikuwa nao.

Hata hapa kwetu, muuzaji mpya akija kesho atanunua umeme kwenye mitambo ileile ya Olkaria na mabwawa ya mto Tana, kwa mikataba ileile ya muda mrefu ambayo mingi yake hulipwa kwa dola. Ndiyo maana bei hubadilika mwezi hadi mwezi kwa tozo ya mafuta na tozo ya ubadilishaji wa fedha, ambazo EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na bei zake, huzitangaza katika Gazeti Rasmi: maji yakipungua mabwawani mitambo ya dizeli huwashwa, na shilingi ikidhoofika, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipofika karibu shilingi 160, mlaji hulipia udhaifu huo. Ongeza tozo ya asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini na asilimia 16 ya kodi ya VAT. Sehemu ambayo wauzaji wawili wangeshindania ni nyembamba kuliko tunavyodhani, na kwa mpangaji wa ploti ni nyembamba kuliko zile shilingi 9 za mwenye nyumba.

Sasa ninaishi Umoja, katika nyumba yenye mita yangu mwenyewe, na wajukuu wawili wamekuja kuishi nasi. Miezi ya kwanza nilipigwa na butwaa, maana tulivuka yuniti 140. Nilishuku mita, nikashuku jirani, hata nikazima balbu zote na kukaa gizani kama mlinzi. Kumbe mwizi alikuwa bafuni. Shawa ya umeme tuliyoikuta humo ni ya kilowati 5 na nusu, kwa hiyo mtu akioga dakika 10 hutumia zaidi kidogo ya yuniti 0.9. Watu wanne kila siku ni yuniti 3.6, na kwa mwezi ni 108, yaani maji ya kuoga pekee yalitosha kutupandisha ngazi ya juu na kuifanya kila yuniti ya friji na runinga iwe ghali pia. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia yuniti 1.35 kwa mwezi mzima; shawa ile huzimaliza kwa dakika 15. Na bado wazee wenzangu hugombana na watoto kwa sababu ya taa ya koridoni.

Tulirudi kwenye sufuria ya maji juu ya gesi, na shawa tukaiachia siku za baridi ya Julai. Matumizi yalishuka mpaka yuniti 60 hivi. Katika miezi miwili ya mwanzo shilingi 1,000 zangu zilileta yuniti zilezile, na mke wangu akaanza kunicheka; wastani wa miezi mitatu ulipokuwa umeshuka chini ya 100, siku moja tokeni ya kiasi kilekile ikaja na yuniti zaidi bila mimi kufanya lolote jipya. Kinyume na hofu ya wengi, sufuria ya umeme ya presha haikututoa nje ya ngazi hiyo, kwani huchemsha maharagwe kwa chini ya yuniti moja kisha hujizima. Kuhusu sola sitasema mengi: kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mwenye paa kurudisha umeme wa ziada katika gridi na kupewa nusu yake kama akiba ya yuniti, jambo jema kwa mwenye paa. Mpangaji wa ghorofa ya nne hana paa.

Kwa hiyo ombi langu kwa EPRA ni dogo na linawezekana kabla ya kampuni yoyote mpya kuingia. Kwanza iagize, na itangaze kwa Kiswahili chepesi redioni na magazetini, kwamba mpangaji wa mita ndogo aonyeshwe bei iliyolipwa kwenye mita kubwa. Pili, mahali ambapo mita kubwa moja inahudumia vyumba vingi, ngazi ya bei ihesabiwe kwa kugawanya yuniti kwa idadi ya vyumba, ili mtu wa yuniti 20 atambuliwe kuwa mtu wa yuniti 20. Najua udanganyifu hautakosekana, maana wako watakaosajili banda la kuku kuwa chumba, lakini maofisa wa kaunti hupita kwenye ploti hizo mara kwa mara kukagua mambo mengine, na kuhesabu milango hakuhitaji mtaalamu.

Naye anayetafuta nyumba mwezi huu, pamoja na kuuliza habari ya maji na usalama, aulize mita ni ya nani, yuniti ni shilingi ngapi, na bei hiyo iandikwe katika mkataba wa kodi. Aombe kuona ujumbe wa tokeni wa mwezi uliopita. Kisha afungue mlango wa bafu atazame kilichoning'inia juu ya kichwa chake, asome namba ya kilowati iliyoandikwa ubavuni, ndipo atoe fedha mfukoni.

Karani mstaafu,
Umoja, Nairobi