Profoma si ankara

Kwako shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi, na hongera kwa oda ya viti vya hoteli. Umeuliza kama ile profoma uliyowapelekea inatosha kudaia. Haitoshi. Profoma inataja bei kabla ya kazi, na mhasibu haingizi deni kwa profoma. Ankara ndiyo inayosema: mzigo mmeshapokea, sasa nawadai.

Ukiipeleka, mhasibu ataweka karatasi tatu pamoja: LPO yao (oda yao ya maandishi), hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya mtunza stoo, na ankara yako. Zikipishana hata kwa kiti kimoja, ankara inalala. Tuseme wameagiza viti 40, ila stoo wamesaini 38 kwa kuwa viwili vimefika na miguu imevunjika. Dai 38. Kwa shilingi 35,000 kila kimoja ni 1,330,000, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18% ni 239,400, jumla 1,569,400. Hiyo VAT iweke tu kama umesajiliwa na una VRN, yaani namba ya usajili wa VAT. Kama hujasajiliwa, usithubutu kuitoza. Viwili vilivyobaki vina ankara yake ukishavipeleka.

Na kama ankara ya viti 40 imeshatoka, usiichane ukaandika nyingine kwa namba ileile. Toa kreditinoti, yaani hati ya kupunguza deni, ya 82,600, thamani ya viti viwili pamoja na VAT yake, itaje namba ya ankara hiyo. Namba zako zifuatane bila kuruka, maana mkaguzi wa TRA (Mamlaka ya Mapato) akiona pengo atataka kujua iliyokosekana iko wapi.

Jina la mteja liandike kama lilivyo kwenye cheti chao cha TIN (namba ya mlipakodi). Kibao cha getini mara nyingi kina jina la biashara tu, na kampuni inayolipa inaitwa vingine kabisa. Hapa wengi hukwama wiki nzima.

Halafu hii "siku 30" za kulipa inaleta ubishi: tangu ulipoiandika au tangu walipoipokea? Andika tarehe yenyewe ya mwisho wa kulipa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa siku ileile unayoipeleka. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) bado utaitoa. Ankara haishiki nafasi yake.

Nipigie picha ankara hiyo kabla hujaipeleka, nikuangalizie hesabu na jina.

Wako,
Asha