Kwa nini chupa haitoi dawa

Arusha

Mpendwa Zuhura,

Hujambo, dada? Barua yako imenikaa moyoni. Niliposoma habari za yule mtoto mwenye uvimbe wa taya, na mama yake anayesubiri vinkristini, ile dawa ya saratani, ifike, kazi ilinishinda siku hiyo. Ukaniuliza: kama dawa inatoka kwenye mmea, na sisi tunaotesha seli za mmea chupani, inaadimikaje?

Mmea wenyewe unaufahamu. Ni Catharanthus roseus, ule wa maua ya rangi ya waridi yenye petali tano, uliokuwa mlangoni kwa bibi yako Tanga. Asili yake ni Madagaska. Dawa imo majanini, ila kidogo mno: gramu 1 ya vinblastini, dawa ndugu ya vinkristini, hutaka takriban kilo 500 za majani makavu. Vinkristini ni adimu zaidi.

Basi mimi hukata kipande cha jani kama ukucha wa kidole kidogo, nakiosha kwa spiriti, kisha jiki, nakilaza juu ya agari, yaani jeli ya mwani, yenye sukari na homoni. Baada ya wiki kadhaa kingo huvimba, likatokea donge jeupe linalomomonyoka kama ugali wa jana. Hiyo ndiyo kalasi. Itie kwenye maji ya virutubisho, itikise usiku na mchana, seli zitaongezeka ajabu. Dawa hutaiona, Zuhura.

Vinblastini ni vipande viwili vilivyoungana: katharantini na vindolini. Seli za chupani huweza kutoa katharantini, vindolini zinakataa. Kwenye jani kazi hiyo ni ya kupokezana. Seli zilizo jirani na mishipa huanza, za ngozi ya jani huipokea, na hatua za mwisho hufanyika ndani ya seli nyingine za pekee. Donge langu halina ngozi wala mishipa. Nani ampokee nani?

Si mimea yote iko hivyo. Wajapani walifaulu na berberini, kemikali ya mmea mwingine uitwao Coptis japonica. Ile ni ya njano, kwa hiyo walichagua madonge yaliyokolea rangi, wakayazalisha tena na tena. Nawaonea wivu, maana vindolini haina rangi ya kuniongoza. Na mwaka 2022 kuna watafiti waliotia jeni za mmea wetu kwenye hamira, ikatoa vipande vyote viwili, wakaviunganisha maabara. Kiasi kilikuwa kidogo sana, lakini machozi yalinitoka nilipoisoma makala ile.

Mwezi uliopita ukungu uliniingilia, nikamwaga chupa 14, kazi ya miezi mitatu. Nimeacha madonge kwa sasa, naotesha machipukizi, kwa sababu chipukizi lina majani na jani linaijua kazi yake. Yako chini ya taa. Asubuhi hii la kwanza limefungua majani mawili, madogo kama punje za mchele.

Niandikie mtoto anaendeleaje, na kama dawa imefika.

Wako,
Neema