Kabla ya kubadili betri, kagueni waya

Mhariri,

Kila bonde la Jangwani linapofurika wakati wa masika, magari mengi yaliyopita majini huishia gereji yakiwa na taa zinazofifia au starta isiyoitika, na mafundi wengine hukimbilia kumuuzia mteja betri mpya au, ghali zaidi, kompyuta ya gari. Ningewaomba waanze na waya wa hasi: starta inapozungushwa, multimita (kipima umeme) iliyowekwa kati ya nguzo hasi ya betri na injini ikisoma zaidi ya volti 0.5, kasoro imo kwenye waya huo au viungo vyake. Soketi za kuunganishia waya zilizoota kutu ya kijani zisafishwe na kukaushwa, waya za betri zikiwa zimechomolewa. Kuosha injini kwa maji ya presha, mtindo uliozoeleka mno, huingiza unyevu mwingine.

Mwenye gari,
Magomeni, Dar es Salaam